Tumbo Linapofunga: Majani ya Sufuria na Majani ya Kuogopa

(Mazungumzo na mama wa kliniki, siku ya kilo)

Leo ninafurahi sana kuona nyanya wengi, kwa sababu maneno haya yanawahusu ninyi pengine kupita wenye kunyonyesha. Wale walio nyuma wasogee, benchi ya mbele iko bure. Mwenye mtoto anayelia amunyonyeshe tu, hakuna haya hapa.

Leo tutasema juu ya choo. Eee, ninaona wengine wanacheka na wengine wanaficha uso kwa kitambaa. Lakini kila siku ya kilo, tukisha kupima mtoto na kuandika fishi, mama anabaki karibu na meza, anangojea wengine watoke, kisha ananong'ona: «Mama, mutoto yangu iko na siku tatu bila kuenda choo.» Ama anasema juu yake mwenyewe: «Toka nilipata mimba, tumbo ilifunga.» Kama ni maneno ya kila mama, kwa nini tuyaseme kwa kunong'ona?

Kwanza tujue kufunga choo ni nini, maana wengi wanajiita wagonjwa wakiwa wazima. Mtu mkubwa mzima anaweza kwenda choo mara tatu kwa siku moja, na mwingine mara tatu tu kwa juma, na wote wawili hawana ugonjwa. Hatuhesabu siku peke yake. Tunauliza: choo ni kigumu kama mawe madogo ya mbuzi? Unasukuma mpaka jasho linatoka? Kinaumiza, kinatoa damu kidogo? Ukisha kutoka unasikia bado kuna kitu kimebaki? Kama ni hivyo, basi tumbo limefunga.

Munajua wanaume wetu wanavyotengeneza matofali. Udongo ukiwa na maji unapita vizuri mikononi. Ukiuacha juani unakuwa tofali, na tofali halipiti popote. Ndani ya tumbo ni vile vile. Chakula kikifika katika utumbo mkubwa, kazi ya utumbo ule ni kunyonya maji na kuyarudisha mwilini. Mabaki yakikaa kule siku mingi, maji yananyonywa yote, yanabaki tofali. Kwa hiyo kuna mambo matatu yanayofungua tumbo: maji ya kutosha, nyuzi za chakula zinazoshika yale maji, na kutembea kwa utumbo wenyewe. Majani yote yanayosaidia, hata yale ya waganga wa kienyeji, yanafanya kazi kwa njia moja katika hizo. Mengine yanaleta nyuzi. Mengine yanapiga utumbo kwa fimbo ili ukimbie. Tutaona tofauti yake.

Sasa ninyi munaniuliza: «Dawa ya majani iko muzuri ao iko mubaya?» Mimi sikuzaliwa katika hospitali, bamama. Nililelewa na majani kama ninyi. Hata wakubwa wa mambo ya afya wa dunia, walipokutana Alma-Ata mwaka 1978, waliandika kwamba waganga wa kienyeji wana nafasi yao katika kazi ya afya. Basi sitawaambia mutupe majani yote. Lakini jani si rafiki kwa sababu tu limeota karibu na nyumba. Uyoga nao unaota karibu na nyumba, na kuna uyoga ambao hakuna mama hapa atautia katika sufuria.

Tuanze na majani ambayo siyaogopi hata kidogo: yale ya sufuria. Lengalenga. Matembele. Sombe iliyotwangwa na kupikwa vizuri. Majani ya maboga, majani ya maharagi. Haya ndiyo dawa ya majani ya kufungua tumbo, na munaipata shambani ama sokoni kwa bei ndogo. Shida ni kwamba tunayahesabu kuwa chakula cha masikini. Mtu akipata franka kidogo anataka mikate mieupe, mchele, makaroni. Na bugali yetu, kama ni ya unga mweupe wa mihogo peke yake, na mboga ni kidogo pembeni kama mapambo ya sahani, itafunga tumbo kabisa. Ninasema geuzeni sahani: bugali ipungue kidogo, mboga izidi. Na maharagi, hata kikombe kimoja kilichopikwa vizuri kwa siku, kina nguvu ya kufungua tumbo kupita chupa mingi zinazouzwa sokoni. Wengine wanasema maharagi inajaza upepo. Ni kweli. Loweka usiku, mwanga yale maji, pika katika maji mapya mpaka yalainike, na anza kidogo kidogo. Tumbo linazoea.

Matunda sasa. Papai lililoiva, kipande kikubwa asubuhi kabla ya kazi. Avoka. Marakuja pamoja na mbegu zake, musizichuje. Machungwa, kula na ile nyama yake, si maji peke yake. Hapa Kivu Mungu ametupa matunda kuliko inchi nyingi, na tunayapakia kwenye gari kwenda mjini kisha tunarudi na biskwiti kwa watoto. Hii inaniuma kila nikiona wanawake barabarani na vikapu vya avoka kichwani, na mtoto mgongoni anatafuna biskwiti.

Na maji. Nyuzi bila maji zinakuwa kama kamba kavu, zinaweza hata kufunga tumbo zaidi. Mwanamke anayelima toka asubuhi mpaka saa nane, jua juu ya kichwa, na hakunywa kitu, atakwenda choo namna gani? Beba bido ndogo ya maji safi shambani. Mwenye kunyonyesha anahitaji maji kupita wengine. Kila ukikaa kumunyonyesha mtoto, weka kikombe chako pembeni.

Kuna jambo lingine ambalo si chakula wala majani, na wanawake hawalisemi. Wengi wetu tunazuia choo. Choo kiko mbali nyuma ya mgomba, usiku kuna giza na mtu anaogopa watu wabaya, asubuhi kuna mstari wa jirani wote, mchana uko sokoni na hakuna mahali. Unazuia leo, unazuia kesho. Mwili unaita, haujibiwi, mwisho unanyamaza. Utumbo unatembea vizuri zaidi kisha kula, hasa asubuhi. Kwa hiyo kunywa uji ama chai ya moto, kisha nenda, hata kama hujasikia sana. Baba wa nyumba akiuliza kwa nini choo kijengwe karibu na kiwe na mlango wa kufunga, mwambie muuguzi amesema ni dawa ya tumbo.

Sasa wenye mimba. Mimba yenyewe inalegeza utumbo, unatembea polepole, na mtoto akikua anausonga. Kwa hiyo kufunga choo wakati wa mimba ni jambo la kawaida. Kisha tunawapa vidonge vya feri vya kuongeza damu, na vile vidonge vinafanya choo kiwe cheusi na kigumu. Na hapo ndipo mama anaamua kimya kimya: anapokea vidonge hapa, anasema asante, na nyumbani anavitia chini ya godoro. Tunawajua, bamama! Damu yenu ikipimwa inatuambia.

Sikilizeni vizuri. Weusi wa choo si ubaya, ni rangi ya feri tu. Ugumu wake tunaupiganisha kwa papai, maharagi, mboga na maji. Kama tumbo linakuumiza, meza kidonge kisha chakula, ama usiku kabla ya kulala. Kama bado ni vigumu, njoo tukuambie namna ya kubadilisha, lakini usiache. Mwanamke asiye na damu ya kutosha akizaa na kutoka damu hata si nyingi sana, anaweza kutuacha palepale juu ya kitanda cha kuzalia. Choo kigumu kinaumiza. Upungufu wa damu unaua.

Na mwenye mimba asitumie majani makali ya kufungua tumbo. Ni yapi? Kuna aloe, ule mmea wa majani manene yenye miiba pembeni, ambao ukikatwa unatoa maji ya manjano machungu. Yale maji ya manjano ndiyo yanayofungua tumbo, na yanafungua kweli, kwa sababu yanapiga utumbo mpaka ukimbie. Lakini yanaleta maumivu ya kukata tumboni, na kwa mwenye mimba hatari ni kwamba tumbo la uzazi nalo lisumbuliwe. Serikali ya Marekani mwaka 2002 iliondoa aloe katika dawa za kufungua tumbo ambazo watu wananunua bila karatasi ya dokta, kwa sababu waliotengeneza hawakuleta ushuhuda wa kutosha kwamba haiumizi. Ninaitaja kwa sababu vijana wanaitembeza mjini katika chupa zenye picha nzuri na kusema, «Hii inatoka Ulaya, inaponya yote.» Dawa inayoponya yote, bamama, mimi ninaikimbia.

Kuna mbarika, ule mti wenye majani kama kiganja cha mkono na mbegu zenye madoadoa. Mafuta yake yaliyotengenezwa kiwandani yamejulikana toka zamani kwa kufungua tumbo. Lakini yanaweza kuamsha uchungu wa kuzaa kabla ya wakati. Na mbegu yenyewe ni sumu kali sana: mtoto akitafuna mbegu chache tu anaweza kufa. Kama una mti huo karibu na nyumba na una watoto wadogo, mimi ningeukata leo kabla jua halijalala.

Na papai bichi, lile linalotoa maziwa meupe, wenye mimba waliache. Lililoiva ni rafiki.

Mubirizi je? Ninajua swali hili linakuja. Mubirizi, yale majani machungu, watu wa huku wanayatumia toka zamani kwa tumbo na kwa minyoo. Mtu mkubwa asiye na mimba akinywa kidogo siku moja, sitamufuata nyumbani kumugombeza. Lakini si kila siku, na si kwa mtoto mchanga. Jani lolote kali likitumiwa kila juma linapoteza maji na chumvi ya mwili, na mtu anabaki dhaifu, miguu inalegea, moyo unapiga vibaya.

Sasa nyanya, nipeni masikio. Tunafika kwa mtoto mchanga, na hapa nitakaa sana.

Mtoto anapozaliwa, tumbo lake limejaa choo cheusi kinachonata kama lami. Watu wanasema ni uchafu, lazima aoshwe. Lakini dawa ya kukitoa imekwisha kutengenezwa, haihitaji kuchumwa. Ni maziwa ya kwanza ya mama, yale mazito ya manjano ambayo wengine wanakamua na kumwaga chini. Yanalisha mtoto, yanamukinga na magonjwa, na yanalegeza tumbo lake ili choo kile kitoke. Muwekeni mtoto kwenye titi katika saa ya kwanza. Watoto walio wengi watatoa choo cheusi siku ya kwanza. Kama siku mbili zimepita na hakuna kitu, hiyo si kazi ya majani, ni kazi ya hospitali, maana pengine njia haikufunguka ama utumbo una ulemavu wa kuzaliwa. Mumulete upesi.

Katika mwezi wa kwanza, mtoto anayenyonya vizuri anaenda choo mara mingi kwa siku, choo cha manjano, laini. Kama ni kidogo sana, na mkojo pia ni kidogo, na kilo haipandi, shida si tumbo. Pengine hapati maziwa ya kutosha. Njoo tuangalie namna anavyoshika titi. Kisha, anapofika karibu na majuma sita, jambo linageuka. Mtoto anayenyonya titi peke yake anaweza kukaa siku tatu, siku tano, hata juma zima bila choo, na kisha anatoa choo laini kama kawaida. Ni kwa sababu maziwa ya mama yanatumika karibu yote. Mabaki ni kidogo. Mtoto huyo ananyonya, anacheka, anatoa upepo, tumbo lake ni laini, kilo inapanda. Huyo si mgonjwa! Na mwingine anakuwa mwekundu, anakunja miguu, analia dakika kumi, kisha anatoa choo laini kama siagi. Huyo naye si mgonjwa. Anajifunza tu kusukuma na kufungua kwa wakati mmoja, jambo ambalo hakuna aliyemufundisha.

Lakini nyumbani inakuwaje? Nyanya anahesabu siku. Siku ya tatu anasema: «Huyu mutoto atakufa na uchafu ndani.» Majirani wanaitika. Kunatolewa ule mpira mwekundu wenye mdomo mrefu, mpira wa lavema, unaotoka nyumba moja kwenda nyingine. Majani yanasagwa, wengine wanaongeza pilipili ama sabuni, maji ya uvuguvugu, na mtoto analazwa kifudifudi juu ya mapaja. Wengine wanafanya hivi kila juma, hata kama mtoto ni mzima, kama vile mtu anayefagia nyumba.

Mimi nimefanya kazi miaka mingi katika chumba cha watoto. Nimepokea mtoto wa miezi minne, mnono, mwenye fishi nzuri inayopanda, ambaye asubuhi alikuwa akicheka. Alikuja na mikono ya baridi, macho yameingia ndani, anapumua haraka. Tuliuliza: «Amepata nini?» Mama akasema: «Kuhara tu.» Tuliuliza tena juu ya dawa ya kienyeji. Akaangalia chini, akasema hapana. Tuliweka maji katika mshipa. Mtoto hakukojoa. Ilipofika usiku, mama alipoona kwamba mambo yanaharibika, alisema polepole kwamba nyanya alimupa lavema ya majani machungu mara mbili, kwa sababu alikaa siku nne bila choo. Siku nne, bamama. Mtoto wa titi. Alikuwa mzima. Alikufa kabla ya kucha.

Mimi simuhukumu nyanya yule. Alikuwa nje kwenye majani, akilia kwa sauti ambayo siwezi kuisahau. Alimupenda mjukuu wake, na alifanya vile alivyofundishwa na mama yake. Kwa sababu hiyo ninataka mujue ni kitu gani kinaharibika kule ndani.

Kitu kinachowekwa nyuma kinaingia katika damu upesi. Sumu ikipita mdomoni, mara mingi tumbo linaikataa, mtoto anatapika. Ikipita nyuma hakuna wa kuikataa. Tena hakuna kipimo: jani la wakati wa mvua na jani la wakati wa jua hayana nguvu sawa, na mkono wa nyanya mmoja si wa mwingine. Figo za mtoto mchanga bado ni changa. Zikipigwa na sumu zinaacha kutengeneza mkojo. Huko Afrika ya Kusini, upande wa Natal, kuna mmea unaoitwa impila, na ulitumiwa hata kwa lavema; katika miaka ya 1970 madaktari wa kule waliandika juu ya watu waliokufa kwa mmea huo, ini na figo zimeharibika. Si majani yetu, lakini njia ni ileile.

Na mdomo wa ule mpira unaweza kutoboa utumbo, maana utumbo wa mtoto ni mwembamba kama karatasi ya mvua. Pilipili na sabuni vinauchoma. Hata maji matupu, yakiwa mengi, yanaingia katika damu ya mtoto na kuipunguza chumvi, na mtoto anapigwa na degedege. Halafu watu wanasema amerogwa. Musimupe lavema mtoto nyumbani, iwe ya majani ama ya maji.

Basi tufanye nini, munaniuliza. Kwa mtoto wa titi peke yake, mzima: nyonyesha na ngoja. Mulaze chali, kunja miguu yake kuelekea tumbo na kuinyoosha, polepole, kama mtu anayeendesha kinga. Papasa tumbo lake kwa mkono wa moto kidogo, kuzunguka kitovu. Muogeshe maji ya uvuguvugu. Usimupe maji, wala chai ya majani, wala asali, mpaka miezi sita itimie. Asali tunaikataza kabisa kabla ya mwaka mmoja, hata kama ni ya msituni na safi, kwa sababu inaweza kubeba kijidudu kinacholegeza mwili wote wa mtoto mchanga, na dalili yake ya kwanza mara mingi ni kufunga choo.

Akipita miezi sita na kuanza uji, choo kinaweza kuwa kigumu kweli. Hapo majani ya sufuria yanaanza kazi: papai lililoiva lililopondwa, maharagi yaliyopondwa na kuchujwa maganda, lengalenga iliyopikwa laini na kijiko kidogo cha mafuta ya mawese, na titi liendelee. Akianza kunywa maji, yawe yamechemshwa na kupozwa. Mtoto wa miaka miwili ama mitatu mara mingi anafunga choo kwa sababu ya woga: siku moja kilimuumiza, ama tundu la choo ni kubwa na giza, anaogopa kuanguka. Mupe kopo lake, akae kisha kula, miguu ikanyage chini vizuri. Na asipigwe kwa ajili ya choo. Akipigwa atazuia zaidi.

Kuna siku ambayo hakuna papai wala kungoja, na siku hiyo muijue. Tumbo limevimba na ni gumu. Mtoto anatapika majani-majani, yaani kijani. Hatoi hata upepo. Analia kwa mapigo, ananyamaza, analia tena, na choo kina damu na makamasi: hapo utumbo unaweza kuwa umeingiana, sehemu moja imemezwa na nyingine, na inatokea hasa kwa watoto walio chini ya mwaka mmoja. Ama ana homa na anakataa titi. Lavema katika mambo haya ni kama kusukuma mlango wakati mtu ameanguka nyuma yake. Kuja hospitali, hata usiku.

Kwa watu wakubwa, homa ya siku mingi pamoja na tumbo kufunga inaweza kuwa tifoide. Ugonjwa huo unatafuna ukuta wa utumbo. Huko Kinshasa, mwisho wa mwaka 2004 na mwanzo wa 2005, watu zaidi ya 42 000 walihesabiwa na tifoide. Karibu 700 walipata kutoboka utumbo ama tumbo kuoza ndani, na zaidi ya 200 walikufa. Mtu mwenye utumbo kama ule ukimupa majani makali ya kufungua tumbo, ama ukimusukumia maji nyuma, unaweza kumalizia tundu lililokuwa likianza.

Na kama majani yamekwisha kutolewa, kabla hujasikia maneno haya ama kwa sababu nyumba ilikushinda? Tuambie, tafadhali. Tuambie mlangoni, kabla ya kukaa. Hakuna mtu atakayekutukana hapa. Na kama muuguzi kijana akikutukana, uliza niitwe. Leta na jani lenyewe katika mfuko, tulione. Saa ambazo mama anaficha ni saa ambazo sisi tungefanya kazi.

Nyanya mmoja hapa mbele ameinua mkono toka muda mrefu. Anasema: «Sisi tulilea batoto kumi na hizo lavema, na wako wazima.» Nyanya, ninakuheshimu, na ninaamini. Lakini ukituambia kumi waliokua, tuambie pia wale waliolala. Kila nyumba ya zamani ilikuwa nao. Walikufa na «tumbo», na hakuna aliyejua tumbo lile lilitoka wapi. Ninyi ndio wenye mamlaka nyumbani, mimi sina. Binti yako hawezi kukataa mpira ule wewe ukiwa umeushika. Wewe ndiwe unaweza kuuweka chini.

Hapo nje, kwenye meza ya ukumbi, kuna sanduku la karatasi. Wenye mipira ya lavema nyumbani wanaweza kuitia mule siku ya kilo inayokuja; hatuandiki jina la mtu. Siku hiyo tutapika pamoja lengalenga na maharagi kwa watoto wa miezi sita na zaidi. Kila mmoja alete kikombe kimoja cha kile alicho nacho shambani, na kuni mbili tatu, maana kuni zetu zimelowa. Sasa wenye mimba wapite kwanza kwa vidonge vya feri. Wengine mubaki kwenye mstari, fishi mkononi.